Taa nyekundu ya oili inawaka nikishuka Newala, fundi kasema ni sensa tu

Kijana mmoja kaniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nina Noah ya 2003, napakia abiria Newala kwenda Masasi na siku nyingine nafika mpaka Mtwara mjini. Wiki mbili sasa nikiwa nashuka ule mteremko wa Newala, ile taa nyekundu yenye kakopo ka oili inawaka kidogo af inazima, nikifika chini kwenye tambarare haiwaki tena. Fundi wa hapa kaniambia ni sensa tu, tuchomoe waya maisha yaendelee. Af kuna ile ya njano ya injini, hiyo imewaka tangu nainunua. Nataka kujua ipi ni ya kusimama hapohapo na ipi naweza kuendelea nayo, maana hesabu ya tajiri haisubiri."

Marahaba mwanangu. Kabla ya lolote, huo waya usichomolewe, na kama ameshauchomoa mwambie aurudishe leo. Sikatai kwamba sensa huwa zinakufa, zinakufa sana tu, ila sensa iliyokufa haina habari na mteremko, haichagui iwake Newala izime Masasi. Taa inayowaka sehemu ileile ya barabara kila siku hiyo ina jambo inakwambia, na mi nikisoma maelezo yako nalijua ni jambo gani hata sijaiona gari.

Iko hivi. Ile taa watu wengi wanadhani inapima oili iko kiasi gani ndani. Haipimi hivyo. Inapima presha, yani nguvu ya oili inayosukumwa na pampu kwenda kwenye krenki, ile shafti inayozunguka chini ya pistoni, na kule juu kwenye hedi. Chini ya injini kuna sampo, ni kama beseni, oili yote inarudi kukaa pale, na ndani ya beseni kuna bomba lenye chujio linanyonya. Gari ikiwa tambarare na oili ni nusu bado bomba limezama, presha ipo, taa imezima, we unaona uko salama. Sasa ukiinamisha gari mbele vile mlima wa Newala unavyoinamisha, hiyo oili kidogo inakimbilia upande mmoja wa beseni, bomba linabaki linanyonya hewa, presha inaanguka, taa inawaka. Ukifika chini inajaa tena sawa, taa inazima, fundi anasema sensa. Chukua sufuria weka maji kidogo halafu iinamishe utaniambia maji yameenda wapi.

Kwaiyo kesho asubuhi kabla hujapakia mtu, gari iwe sehemu tambarare kabisa, sio pale stendi kwenye kamteremko. Iwashe ipate moto, izime, subiri dakika tano oili irudi chini, chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena ndo usome. Watu wanaisoma ile ya kwanza isiyofutwa, hiyo inadanganya. Oili iwe katikati ya zile alama mbili na ikiwa karibu na ya juu ni vizuri zaidi. Mi nakwambia utaikuta chini ya alama ya chini au haigusi stiki kabisa. Ongeza kidogokidogo huku unapima, usimimine galoni zima kwa hasira, maana ikizidi nayo ni shida, krenki inaichapa inakuwa povu na povu halina presha, unarudi kwenye taa ileile kwa njia nyingine.

Ukishaongeza usishangilie, jiulize oili ilienda wapi. Laza boksi la karatasi chini ya injini usiku, asubuhi utaona matone kama yapo na yanatokea upande gani. Kama boksi ni kavu basi mara nyingi injini inaila. Na nyie wa Newala mna kipimo cha bure ambacho watu wa mjini hawana: shuka mlima mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, ukifika chini kanyaga mafuta halafu mwambie konda aangalie nyuma. Ukitoka moshi wa bluu mara moja halafu ukapotea, oili inapita kwenye sili za valvu. Ukiendelea kutoa bluu muda wote ukipanda na mzigo, hizo ni ringi za pistoni, na hapo kaa na tajiri mzungumze mapema.

Na je kama stiki inaonyesha oili imejaa na bado taa inawaka? Hapo usiongeze kitu. Fundi afungue ile sensa, pale pale afunge geji ya mkono ya kupimia presha ya oili, awashe injini ikiwa ya moto aangalie sailensa, yani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inasoma ngapi na ukipandisha resi inasoma ngapi, alinganishe na kitabu cha injini yako. Geji ikisoma vizuri ndo sasa sensa ihukumiwe, inabadilishwa, bei yake haifiki hata robo ya injini ya mtumba. Geji ikisoma chini basi ni chujio la sampo limeziba na tope la oili iliyokaa miezi bila kumwagwa, au pampu, au beringi zimelika. Sensa inakuwa mshtakiwa wa mwisho, sio wa kwanza. Mafundi wetu wengi wanaanza nayo kwa sababu ndiyo iko karibu na mkono.

Naongea kwa ukali kidogo kwa sababu haya yalinikuta. Enzi hizo naendesha Hiace ya mtu, nimepakia watu wa msiba tunatoka Masasi kwenda Lindi, tumeshapita Nyangao, taa ikawa inakonyeza kwenye kona. Nikasema ngoja nifike Mingoyo. Nikaongeza redio, eti nisisikie ule mlio wa ngo ngo ngo ulioanza chini. Kabla ya Mtama konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikatoka nje ya bloku, oili ikamwagika barabarani kama mtu kachinja, na wale mama zangu wakakaa chini ya mkorosho kuanzia saa nne mpaka jioni, maiti inazikwa wao hawapo. Injini tajiri alinunua nyingine, lile la msiba sijui nani angelilipa.

Haya, swali lako la pili, ipi ya kusimama.

Rangi zinakupa nusu ya jibu. Nyekundu maana yake kuna hatari sasa hivi, njano maana yake kuna kasoro nenda kaangaliwe, kijani na bluu ni taarifa tu, kama indiketa na taa kubwa. Ila nyekundu zenyewe hazilingani uzito. Ya oili ikiwaka ikabaki, hapo unahesabu sekunde, sio kilomita, hakuna cha "nifike pale kijijini". Ya hiti, yani joto la injini, una dakika chache. Ya betri una muda kidogo. Ya breki inategemea, ntaieleza.

Kusimama nako kuna namna yake na hapa wengi wanaharibu. Usizime injini gari ikiwa inatembea, hasa kwenye mteremko, ukizima unapoteza nguvu ya stelingi na basta ya breki inabakiwa na pumzi ya kukanyaga mara mbili tatu halafu kanyagio linakuwa gumu kama jiwe, na ukienda mbali zaidi ukachomoa ufunguo stelingi inaweza kujifunga. Toa mguu kwenye mafuta, washa hazadi, tafuta sehemu iliyonyooka utoke kabisa kwenye lami, simama, hendibreki, ndipo uzime. Abiria wote washuke wakae mbali na barabara, sio nyuma ya gari kupiga stori, maana msimu wa korosho malori yanapita usiku na mchana na dereva wa lori akitoka usingizini anachokiona ni gari lako. Weka pembetatu zako mbali, hatua hamsini au zaidi nyuma, kama kuna kona iwekwe kabla ya kona. Yale matawi ya miti tunayokata kuweka barabarani sawa yanasaidia kama huna kingine, ila ukishaondoka yaondoe bana, usiku yanawaua watu wa bodaboda.

Hiti. Noah yako ina mshale, angalia unakaa wapi siku zote gari ikiwa nzima, uukariri. Ukianza kupanda kutoka hapo, hata kama haujafika kwenye nyekundu, tayari una habari. Kupanda kutoka Masasi kwenda Newala saa saba mchana, watu wamejaa, magunia juu, AC inafanya kazi, hapo ndo rejeta dhaifu inajulikana. Zima AC kwanza. Halafu fungulia hita mpaka mwisho, moto kabisa, feni juu, fungua vioo, najua abiria watakutukana, jua la Masasi na wewe unawawashia hita, lakini ile hita ni karejeta kadogo kanatoa joto la injini kanalileta ndani, kanaweza kukuokoa mpaka upate pa kusimama. Mshale ukirudi, simama kivulini injini iungurume taratibu ipoe. Mvuke ukitoka au ukiona maji yamemwagika, zima, usiendelee kuunguruma bila maji.

Na mfuniko wa rejeta usiguse. Maji mle ndani yanabanwa na presha ndo maana hayachemki kwenye nyuzi 100, yanafika hata 120 bado ni maji. Ukifungua presha inatoka mara moja, mengine yanageuka mvuke ghafla na yanaruka usoni. Nimeona mkono wa mtu ulivyobabuka sitaki kuona tena. Kaa nusu saa au zaidi, kula mhogo wako wa kuchoma, ukishika ile hozi ya juu kwa kitambaa uone laini na haichomi, ndo ufungue taratibu na kitambaa. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi inapasuka.

Kuna mtego mmoja hapa. Sensa ya hiti inapima maji, sasa maji yakiisha kabisa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza hata kushuka, we unafurahi kumbe injini inaiva. Dalili yake hita iliyokuwa ya moto inaanza kupuliza baridi ghafla. Na haya maji ya kisima ya huku kwetu, hasa ya karibu na pwani yenye chumvi, Mikindani, Msangamkuu, hayo usiweke kwenye rejeta kwa mazoea. Dharura weka ufike, halafu mwaga weka kulanti. Chumvi inakula alumini ya hedi na inajenga ukoko kwenye vibomba, rejeta inaziba kidogokidogo na wewe unalaumu feni.

Ya betri haraka haraka: haisemi betri imekufa, inasema betri haichajiwi. Injini ikiwa imewaka, mita ya umeme kwenye betri ikae kama 13.5 mpaka 14.5 volti, ikiwa chini ya hapo gari inakula akiba. Zima AC, redio, taa zisizo za lazima, unaweza kufika mbali kiasi mchana, usiku ni shida. LAKINI kwa injini za Noah ya aina yako mkanda unaozungusha alteneta, ile inayochaji betri, ndo huohuo unazungusha na pampu ya maji, kwaiyo ikiwaka ya betri na stelingi ikawa nzito ghafla, mkanda umekatika, na dakika chache zijazo ni hiti. Hapo hamna cha kufika mbali, simama.

Breki sasa, na hapa nataka unisome vizuri kwa sababu we kazi yako ni ya kushusha watu mlimani.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka kwanza angalia hendibreki kama imeshuka yote. Ikiwa imeshuka, fungua boneti uangalie kale kachupa ka mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua kuna mambo mawili, ama yanavuja mahali, angalia ndani ya ringi za matairi kama kuna unyevu, ama pedi zimelika. Pedi zikilika pistoni zinasogea nje na mafuta yanazifuata kujaza nafasi, kwaiyo chupa inashuka bila tone kuvuja. Taa ya namna hiyo inaanza kwa kuwaka kwenye kona au ukifunga breki, mafuta yanacheza kwenye chupa. Dereva anaongeza mafuta, taa inazima, anasahau, na pedi zinaendelea kuisha mpaka chuma kwa chuma. Ukiongeza bila kuangalia pedi umemnyamazisha mtoto anayelia bila kumpa chakula. Na kanyagio likizama au likiwa laini kama sponji, hiyo gari haitembei hata mita moja na abiria, iwe taa imewaka au haijawaka.

Ila hakuna taa yoyote kwenye hiyo dashibodi itakayokwambia breki zimepata moto. Hiyo haipo. Utasikia harufu, kama plastiki inaungua, halafu kanyagio linaenda chini kuliko kawaida. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na sisi wa Mtwara na Lindi unyevu tunao wa kugawa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya kabisa hayachemki mpaka nyuzi 205, yakishavuta maji kiwango chake kinashuka mpaka 140 hivi, na breki zilizoshikiliwa mlima mzima zinafika huko bila shida. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unaminyika, unakanyaga hamna kitu. Badilisha kila miaka miwili, ni kazi ya saa moja, na sijui kwa nini watu wanamwaga oili kila mwezi ila mafuta ya breki yanakaa tangu gari imetoka Japani.

Kushuka: gia unaichagua juu kabla ya mteremko, sio katikati. Zima ovadraivu, itaandika O/D OFF ya njano, hiyo sio kasoro umeiwasha mwenyewe (ikianza kukonyeza yenyewe ndo kasoro ya giaboksi). Ikiwa bado inakimbia peleka mkono kwenye 2, na pakali kabisa L. Injini itanguruma, iache ingurume, inakushikia gari. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo unashuka chini ya ule unaoutaka, unaachia zipoe, sio kuzigusagusa muda wote kama unapapasa mchanga wa Shangani usiku. Na wale mnaoweka frii mkishuka eti mnaokoa mafuta, injini nyingi za sindano ukishuka na gia mguu uko nje ya mafuta zinakata mafuta zenyewe, ukiweka frii ndo injini inaunguruma kwa mafuta. Unapoteza breki ya injini na akiba yenyewe hupati.

Njano ya injini. Ikiwa imewaka imetulia na gari inaenda vizuri, unaweza kuendesha ukaenda kuiskani wiki hii. Wiki hii, sio mwaka huu. Ikikonyeza, yani inawaka inazima inawaka huku gari inatetemeka, hiyo silinda moja haichomi, petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye masega ya kusafisha moshi kule kwenye eksozi na yanayeyuka, punguza mwendo usipandishe mlima nayo. Kwenye mashine ya kuskani utaona namba, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, unaenda moja kwa moja kwenye plagi na koili ya silinda hiyo badala ya kununua zote.

Shida ya yako ni kwamba imewaka tangu umeinunua. Taa ni moja, makosa ni mengi. Ikiwa imeshawaka kwa ajili ya kitu kidogo, kitu kikubwa kikitokea haina namna ya kuwaka mara mbili, labda ile ya kukonyeza tu, unaendesha kipofu. Na usikubali mtu afute tu namba akakurudishia gari taa imezima, itarudi ukishatembea kidogo, mwambie akwambie namba ilikuwa ngapi kabla hajaifuta, iandike.

Halafu fanya jaribio moja la bure. Weka swichi kwenye ON bila kupiga stata. Taa zote za tahadhari zinatakiwa ziwake: oili, betri, injini, ABS, yenye mtu na puto. Za ABS na puto zinazima zenyewe baada ya sekunde chache, ya oili na betri zinasubiri injini iwake. Ambayo haikuwaka kabisa ndo ya kuitilia shaka, kuna wauzaji wanafungua dashibodi wanatoa taa ya puto au wanaiunganisha na ya betri zizime pamoja, we unaona gari safi kumbe puto hamna. Gari umenunua kwa mtu, kwaiyo hili lifanye kesho kesho. Ukiwa hapohapo soma tairi ubavuni, namba nne mwishoni kama 2315 maana yake wiki ya 23 mwaka 2015. Tairi inaweza kuwa na kashata zote, yale meno yake, na bado imekauka kama ganda la korosho, na taa ya tairi Noah yako haina.

Basi anza na stiki, halafu boksi usiku, halafu namba za njano. Na usipakie kushuka mlima mpaka stiki isome vizuri, tajiri mpigie mwenyewe umwambie ni oili, akibisha mpe namba yangu. Ukishapima niandikie ilikuwa wapi kwenye stiki na umeongeza kiasi gani mpaka ikafika, kwa kile kiasi ntajua kama tunazungumzia sili au tunazungumzia injini.